Sarange, Rubani, Fundi wa Kuchomelea

Haya jamani, asalamu aleikum, hamjambo huko nyumbani? Wagosi mpo? Leo sipiki wala sitembezi kamera mitaani. Mvua ya Hamburg mnaiona hapo dirishani, na mie nimetoka zamu ya usiku, kwa hiyo macho haya msiyashangae. Tuongee lile swali la wageni sebuleni: ukiwa mkubwa unataka kuwa nani?

Mtoto hulijibu amesimama, mikono nyuma, na majibu yenyewe yanajulikana. Rubani. Daktari. Mwanajeshi. Mgeni anatoa hela ya pipi, mama anatabasamu, yamekwisha. Hakuna anayemuuliza huyo rubani wa miaka saba ndege kaiona wapi.

Mie nilitaka kuwa sarange, yule msimamizi wa wafanyakazi chomboni. Nahodha sikuwahi kumwona, sarange nilimwona. Tanga ya utoto wangu meli kubwa hazikufika gatini, maji pale yalikuwa kama mita 3 tu. Zilitia nanga kule nje, mzigo ukaletwa kwa matishari. Baba alikuwa kuli bandarini. Siku akipumzika anatupeleka Raskazone, tunatazama tishari linavyovutwa, na juu yake kuna mtu mmoja, shati wazi, kofia kaigeuza nyuma, hanyanyui hata kamba. Anapunga mkono tu, wanaume wazima wanakimbia. Nikasema mie ndiye yule.

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanamke sarange! Atakuoa nani?" Basi nikahamia ualimu.

Nilipoanza kusoma huku ndipo nikakutana na maandishi ya mwanasaikolojia wa Kimarekani, Linda Gottfredson, ya mwaka 1981. Anasema mtoto hakui akiongeza ndoto, anakua akizifuta. Kati ya miaka sita na minane anafuta kazi anazoona si za jinsia yake. Kuanzia tisa hivi anaanza kufuta zile ambazo watu wanazidharau, na zilizo ngumu kuliko anavyojiona. Yote hayo kabla hajajiuliza yeye mwenyewe anapenda nini. Nilisoma nikamkumbuka shangazi, Mungu amrehemu, alikuwa na kifutio kikubwa yule mama!

Ila kuna jambo nalijua kwa sababu nimezaliwa Tanga. Ndoto zetu zilifuata kazi iliyopo mjini. Reli ilianza kujengwa Tanga 1893, ikafika Mombo 1905 na Moshi 1911. Mwaka huohuo wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf akaleta mkonge. Kwa hiyo babu zetu ukiwauliza, mtu wa maana alikuwa karani wa stesheni au mnyapara wa shamba. Miaka ya mwanzo ya 60 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, nani aote kitu kingine? Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, na ndoto nazo zikaanguka. Kizazi cha wajomba kikataka viwanda: mbolea, chuma, saruji ya Pongwe. Sisi tuliofuata tulikuta mageti mengi yamefungwa, ndoto yetu ikawa moja tu, kuondoka. Mie niliondoka kwa kuja kulea watoto wa watu, kisha nikaingia kwenye mafunzo ya uuguzi.

Sasa mwenzangu aje mhamasishaji na maiki yake aniambie "usiiache ndoto yako ya utotoni". Ipi? Ile ya kupunga mkono juu ya tishari? Meli siku hizi zinafunga gatini, wamechimba mpaka mita 13. Ningeshikilia sarange ningekuwa sarange wa nini?

Huku Ujerumani nako msidhani peponi. Hapa Hamburg mtoto akimaliza darasa la nne anaelekezwa: Gymnasium, sekondari ya njia fupi ya kwenda chuo kikuu, au Stadtteilschule, sekondari ya mchanganyiko. Miaka kumi tu! Lakini wana kitu nakipenda, mafunzo ya kazi wanayoyaita Ausbildung. Uuguzi wangu ulikuwa miaka mitatu, darasani na wodini, na unalipwa mshahara ukiwa bado mwanafunzi. Nilisoma na binti aliyeanza mafunzo ya kuoka mikate, akaona kuamka saa nane za usiku hakumfai, akahamia kwetu. Kwao hakuna aliyeweka msiba.

Kwetu msiba upo. Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha nne, na tangu anaota meno tunamwita daktari. Juzi kamwambia bibi yake anataka kwenda VETA, chuo cha ufundi, kusomea kuchomelea. Mama yangu kaangua kilio. "Mjukuu wangu awe kama yule fundi wa mageti, barabara ya 12, macho mekundu?" Mtoto kanitumia sauti: "Mama mdogo, ongea na bibi."

Nimeongea. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima kule Uganda hadi Chongoleani hapo Tanga ni kilomita 1,443, na vipande vyake havijashikana kwa gundi, vimechomelewa. Hata serikali tangu 2024 imeanza mkondo wa amali, yaani wa ufundi, sekondari, si wa waliofeli tu tena. Lakini na wewe mwanangu, najua unanitazama, nikuambie: usisomee bomba, somea ufundi. Bomba likishafukiwa, wachomeleaji wake wanafunga mabegi. Meli na viwanda havikosi cha kuchomelea. Na ukienda kuomba kazi ya mazoezi kwa fundi, kabla hujamuuliza posho, mtazame kinyago cha uso kama anacho. Anayechomea kwa miwani ya jua, shikamoo, toka.

Mama hakunijibu siku tatu. Nikaona nimtumie ujumbe mwingine: shikamoo mama, hivi wewe ulipokuwa mdogo ulitaka kuwa nani? Wallahi sikuwahi kumuuliza, umri wote huu.

Akanitumia sauti ndefu, nusu yake anamfukuza kuku. Kumbe mama yangu, huyu huyu wa vitenge na vikao vya vikoba, alitaka kuimba taarabu na Black Star, kile kikundi cha Tanga. Alikuwa anatoroka kwenda kusikiliza mazoezi, nyimbo zote kichwani. Babu akajua, akamfungia nguo zake za kutokea sandukuni, na mwaka haukuisha akaozwa.

Nikamwambia basi niimbie hata ubeti mmoja nisikie. Kasema nimpigie Ijumaa, nyumba ikiwa tupu, na hiyo kamera yangu niizime.