Panya akitulia usidhani kapona

Wa huko nyuma mnanisikia? Haya. Naanza na kosa langu mwenyewe. Nikiwa bado mwanafunzi tuliwafanyia upasuaji panya wa maabara mchana, jioni nikapita kwenye keji nikawakuta wametulia konani, nikaandika kwenye daftari "wazima", nikafunga mlango nikaenda zangu kula. Asubuhi wawili wamekufa, na pamba tuliyowawekea ya kujengea kiota iko vilevile haijaguswa. Ile pamba ilikuwa inaniambia kila kitu toka jioni, mimi ndo sikujua kuisoma.

Panya jamani ni kitoweo cha kila mtu, paka, bundi, nyoka, sasa akionesha anaumwa si ndo analiwa wa kwanza? Kwa hiyo anajikaza, na ukimwinamia anajikaza zaidi. Rudi nyuma kidogo, mpe dakika kadhaa akusahau, afu mwangalie uso. Mwaka 2010 kundi la Jeffrey Mogil, mtafiti wa maumivu pale Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walitoa kipimo cha kusoma uso wa panya, yaani macho kayafinya kiasi gani, pua na mashavu vimetuna, masikio yamelala nyuma, ndevu zimekaaje, kila kimoja unakipa 0 (hakuna), 1 (kiasi) au 2 (wazi kabisa). Ila usimpime akiwa amesinzia au bado ana ulevi wa nusukaputi, utajidanganya. Na ile pamba nayo ni kipimo: mtupie mpya, panya mzima mara nyingi ndani ya dakika 10 kashaanza kuivuta kwenye kiota chake.

Sasa dawa ya maumivu. Mpe kabla ya kisu, usisubiri aamke, maana neva zikishachokozwa zinakuwa kali na kuzituliza baadaye ni kazi. Wengi tunachanganya buprenofini, dawa ya jamii ya mofini, na kaprofeni au meloksikamu, hizi za kutuliza maumivu na uvimbe, na ganzi kidogo pale pa kuchana. Buprenofini ya kawaida kwa panya inaisha ndani ya masaa machache tu, kwa hiyo ukimchoma saa 11 jioni ukarudi saa 2 asubuhi, usiku huo mzima kalala na nini?

Hesabu ndo inatuaibisha. Panya wa gramu 25, kaprofeni miligramu 5 kwa kilo, anahitaji miligramu 0.125. Chupa ina miligramu 50 kwa mililita. Maana yake mililita 0.0025, hakuna sindano ya kuvuta hiyo, ndo mtu anakadiria kwa jicho anavuta 0.1, kashampa mara 40! Chukua hiyo 0.1, changanya na 9.9 ya salaini, hapo unamchoma 0.25 chini ya ngozi na mkono hautetemeki. Afu Kiswahili chetu nacho kinatuponza, panya ni panya, kumbe wale wakubwa wa maabara (rat kwa Kiingereza) na hawa wadogo (mouse) dozi zao hazilingani, ukisoma jedwali hakikisha ni yupi.

Dawa kwenye maji ya kunywa? Aliyetoka kupasuliwa hanywi vizuri, usimtegemee. Mwekee chakula kilicholoweshwa chini sakafuni, na nusu ya keji iwe juu ya pedi ya joto, nusu tu, ili akiona moto ahame.

Kuna ndugu ameuliza kwenye karatasi, dawa si zitaharibu data? Kaka, panya mwenye maumivu hali, homoni za msongo ziko juu, kinga yake imeyumba, hiyo data umeshaiharibu tayari. Tena kuna vitu vinaharibu na hatuviwazi kabisa: mwaka 2014 kundi lilelile la Mogil walikuta panya wakisikia harufu ya mwanaume, hata fulana tu aliyovaa, msongo unapanda na dalili za maumivu zinapungua. Nyie mnacheka.

Basi tushuke chini, kuna keji mbili za jana. Dada wa mbele pale utaanza wewe kusoma nyuso, sisi wanaume tutangoja nje kwanza.