Kipindi cha 41: J ni ya Juu

WAMBUI: Haya, tumerudi. Salim ameingia hapa na laptopu imefungwa kwenye kanga. Anzia hapo.

SALIM: Kanga ni ya mama. Jumatatu mvua ilinikuta Ngong Road, begi likalowa, kufika nyumbani tachipadi imekufa. Skrini nzima, kibodi nzima, mshale hausogei. Fundi wa Luthuli akaniambia kifaa chake kitaingia Ijumaa.

WAMBUI: Na kipanya huna.

SALIM: Sina. Nikasema basi, siku yenyewe ndiyo hii. Miezi minne naandika kivinjari cha kuendeshwa kwa vidole kwenye kibodi, lakini kusema kweli nilikuwa nakijaribu dakika kumi halafu narudi Firefox. Wiki hii sikuwa na pa kurudi.

WAMBUI: Kikakubeba?

SALIM: Kimenibeba, Wambui. Barua pepe, nyaraka za kazi, kila kitu. Unabonyeza F, kila kiungo kwenye ukurasa kinavalishwa herufi, unaandika herufi yako, umefika. Kulikuwa na ukurasa mmoja tu wa malipo uliokataa. Kitufe chake si kitufe. Ni kisanduku kimepakwa rangi, mtu akakitegeshea msimbo wa kusubiri mguso. Programu yangu inatafuta viungo na vitufe vya kweli, hicho haikukiona. Nilikaa nacho mpaka saa nane usiku.

WAMBUI: Tuna mafunzo matatu leo: injini, ile sehemu ya kivinjari inayosoma ukurasa na kuuchora, leseni, na jinsi ya kupokea msimbo wa watu wengine. Tuanze na injini?

SALIM: Ngoja kwanza nimalize ya mama. Amekuja Jumatano kutoka Mombasa. Baada ya chakula akataka kusoma habari. Nikamwekea ukurasa, nikamwambia, "Mama, bonyeza J ushuke." Akavua miwani, akanitazama. "J si ni juu?"

WAMBUI: Eeh! Shikamoo mama, kama unatusikia! Mimi nimekwambia hivyo tangu Januari!

SALIM: Umeniambia.

WAMBUI: Juu inaanza na J. Chini inaanza na C. Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Wewe mtu wa Mombasa, Kiswahili umenyonya, unaandika kivinjari ambacho J inashuka!

SALIM: Kwa sababu J haisomwi, inashikwa. Bill Joy aliandika vi, programu ya kuhariri maandishi, kule Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, mwaka 1976, na mashine aliyotumia, ADM-3A, haikuwa na vitufe vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya H, J, K na L. Na J haikuchaguliwa ovyo. Ni herufi ya kumi, na katika ASCII, orodha inayompa kila herufi na amri ya kompyuta namba yake, namba 10 ni amri ya kushuka mstari mmoja. H ni ya nane, na 8 ni kurudi nafasi moja nyuma. Halafu hapo ndipo vidole vya mkono wa kulia vinapolala. Husogezi mkono hata kidogo.

WAMBUI: Hiyo ya kumi sikuijua, na ni nzuri. Lakini mama anahesabu herufi za ASCII?

SALIM: Hahesabu. Ila kuna watu ambao vidole vyao vimeishi na J hiyo miaka yote. Wa Vim, mrithi wa vi, wa kivinjari cha qutebrowser, wale waliokuwa na Vimperator, kiongezi cha Firefox, mpaka Firefox 57 ilipoiua mwaka 2017. Hao ndio watakaopakua kitu changu wiki ya kwanza, na ndio watakaonitumia viraka, yaani marekebisho ya msimbo. Nikiwageuzia J, hawakai.

WAMBUI: Wana vivinjari vyao. Umetaja kimoja sasa hivi. Mama hana hata kimoja.

SALIM: Na ukigeuza, utafika wapi? Kushoto ni K, kulia ni K.

WAMBUI: Ondoa hiyo ku. Shoto ni S, lia ni L. Na L umeshaikuta kulia, hapo tumekubaliana na Berkeley bila kikao.

SALIM: Fuata, fungua, funga. Zote F.

WAMBUI: Fuata ibaki na F, tayari iko hivyo. Kufunga ipe X. Kiswahili hakina kazi na X wala Q, herufi mbili zimekaa bure, zipe shughuli.

SALIM: Hiyo ya X naichukua.

WAMBUI: Iandike kabla hujasahau.

SALIM: Nimeandika. Lakini sikukwambia mwisho wa mama. Alibonyeza J mara nne tano, akanyamaza, kisha akasema, "Aa, nimeelewa. Maandishi yanapanda juu." Na kweli! Ukishuka, maandishi ndiyo yanayopanda. Kwa macho ya mama, J ni juu na inafanya kazi sawasawa.

WAMBUI: Salim. Huyo ni mama anamfariji mwanawe.

SALIM: Mama yangu amefundisha miaka thelathini. Hafariji mtu aliyekosea.

WAMBUI: Basi alitafuta maana kwa sababu ulimpa kitu kisicho na maana. Mtu mwenye akili akipewa mlango unaofunguka kinyume atajieleza mpaka aupite. Mlango haujanyooka.

SALIM: Anayetaka abadilishe. Faili la mipangilio liko wazi, mstari mmoja tu. Ni programu huria, hiyo ndiyo faida yake.

WAMBUI: Nani atalifungua hilo faili? Ulichoweka mwanzo ndicho watu wengi watakufa nacho. Ukiweka J ya Berkeley, umeshaamua kivinjari ni cha nani.

SALIM: Si cha Berkeley peke yake. Bram Moolenaar, Mholanzi, alitoa Vim mwaka 1991, na ukiifungua bila faili inakuomba uwasaidie watoto wa Uganda. Kituo chenyewe cha watoto kiko Kibaale. Miaka yote, mpaka alipofariki 2023, hicho ndicho alichoomba watu. Hizi herufi zina historia na sisi.

WAMBUI: Na ninamheshimu kwa hilo, kwa moyo wote. Lakini mtoto wa Kibaale alisaidiwa, hakuulizwa herufi.

[kimya]

SALIM: Sikubali. Kidole hakina lugha.

WAMBUI: Na mimi sikubali. Kidole kinafundishwa na mtu, na mtu ana lugha.

SALIM: Hapo tumekwama.

WAMBUI: Tumekwama. Na mlango unagongwa, chumba ni chetu mpaka saa moja. Injini, haraka.

SALIM: Sikuandika injini, mtu mmoja wa Jumamosi usiku haiwezi. Nimetumia injini iliyopo tayari, WebKit, ambayo ilichipuka kutoka KHTML, injini ya watu wa KDE, mradi wa programu huria. Kwa hiyo nikisema kivinjari ni chepesi, ni dirisha na vidhibiti vyake ndivyo vyepesi. Ukurasa mzito unabaki mzito, na laptopu yangu ya GB 4 inanung'unika vilevile. Hapo kuna mambo mengi ya—

WAMBUI: Wanagonga tena. Leseni na wachangiaji hatufiki.

SALIM: Hatufiki.

WAMBUI: Mama anaondoka lini?

SALIM: Jumapili.

WAMBUI: Basi nakuja Jumamosi. Namwekea J ya juu, nakaa naye saa moja, nione anavyosoma.

SALIM: Njoo ule pilau. Laptopu itakuwa kwa fundi.