Kata bila huruma, mwagilia kwa uchoyo: kuokoa kakati iliyooza shina

Ndugu zangu wapenda mimea, habari za mchana, na asanteni kwa kuja na mvua hii. Mvua yenyewe ndiyo iliyotukutanisha. Kila masika yakishika, hapa pwani dungusi kakati zetu zinaanza kulala. Jana ilikuwa imesimama wima, leo imeegemea ukuta, na ukiibonyeza chini kidole kinazama. Hapo mwenye mmea huenda njia mbili: ama anamwaga dawa ya fangasi kwenye udongo na kusubiri muujiza, ama anaing'oa na kuitupa. Njia zote mbili zinapoteza mmea ambao mara nyingi nusu yake ya juu ni nzima kabisa. Dawa haiwezi kuirudisha nyama iliyokwisha kuoza. Kisu ndicho kinachoweza kuitenga na ile iliyo hai.

Nina jambo moja kubwa la kusema leo. Kwa ninavyoona mimi, kakati nyingi zinazokatwa ili ziokolewe haziuawi na ugonjwa uliozipata. Zinauawa na aliyezikata, kwa sababu alikata kidogo mno au alimwagilia mapema mno. Mkono wa kisu uwe mkarimu, mkono wa maji uwe mchoyo. Mengine yote nitakayosema yanatoka humo.

Kwanza tuhakikishe kwamba ni ugonjwa kweli, maana nimeshaletewa mimea mizima iliyokuwa inasubiri kuchinjwa. Kakati yenye umri hujifanyia gome chini, la kahawia, kavu, gumu kama la mti wowote. Hilo ni uzee, liacheni. Doa la manjano hafifu au jeupe upande unaopigwa na jua la alasiri ni kuungua. Halitapona, lakini halisambai. Unga mweupe kwenye mizizi ni vidung'ata wanaofyonza utomvu, na hao unawaosha, unabadilisha udongo, unatibu, basi. Kuoza ni kitu kingine. Bonyeza kwa kidole au kijiti: panaingia ndani, panateleza, ngozi imekuwa ya kahawia au nyeusi, na kama ni bakteria utasikia harufu kabla hujainama. Kuvu wa jamii ya Fusarium huja taratibu zaidi, bila harufu kubwa, na huyo ndiye mjanja, kwa sababu hupanda ndani kwa ndani kupitia mishipa ya mmea huku ngozi ya nje ikiendelea kupendeza. Wapo pia Phytophthora na Pythium, wanaopenda udongo uliojaa maji. Huna haja ya kumjua ni yupi hasa. Wote wanaingia kwa mizizi iliyokosa hewa au kwa jeraha, na wote unawakabili kwa kisu kimoja.

Na hakikisheni pia kwamba mlicho nacho ni kakati. Hizi ni mimea ya Amerika. Afrika yetu inayo ya asili moja tu, Rhipsalis baccifera, inayoning'inia juu ya miti ya msituni wala haina sura ya kakati mnayoijua. Ile mikubwa ya Bonde la Ufa yenye matawi yaliyosimama kama kinara cha taa ni Euphorbia, na minyaa ya ua ni Euphorbia pia. Ukiikata unatoka utomvu mweupe mwingi kama maziwa, na ukikuingia jichoni unaweza kukuumiza vibaya sana. Kakati chache za jenasi ya Mammillaria nazo hutoa maziwa, lakini ukiyaona maziwa, vaa miwani na glavu kwanza, maswali baadaye. Euphorbia nayo huoteshwa kwa kukatwa na kukaushwa, ila utomvu huo unaoshwa kwa maji mpaka ukome.

Sasa sogeeni. Hii hapa mezani ni Cereus, kakati ya nguzo, ya mwenzetu aliyekaa pale nyuma. Inanifika kifuani. Chini imeshakuwa laini, na nimeifungia gunia ili niishike bila kuchomwa. Kisu hiki ni cha jikoni, chembamba na kikali. Kwa nene zaidi tumia msumeno, kwa ndogo wembe unatosha. Chupa hii ni spiriti, ile ya duka la dawa ya asilimia 70. Nafuta kisu sasa, na nitakifuta kila baada ya kukata, bila kuruka hata mara moja. Kisu kilichopita kwenye uozo kikaja kwenye nyama safi kimebeba ugonjwa na kuupanda upya.

Nakata hapa, kiganja kimoja juu ya pale ngozi ilipobadilika rangi. Tazameni. Nyama ni nyeupe yenye ukijani, ina maji, inanukia kama tango. Wengi wangeishia hapa wakafurahi. Lakini angalieni katikati. Mnaliona hili duara? Hii ndiyo mishipa inayopandisha maji, na humu ndani kuna nukta za rangi ya chungwa. Hapo ndipo ugonjwa ulipofika. Uko juu kuliko inavyoonekana kwa nje. Nafuta kisu, nakata kipande kingine, unene wa vidole viwili. Nukta imebaki moja, upande huu. Nafuta, nakata. Sasa hamna. Duara lote ni jeupe, halina kovu wala mstari. Nafuta tena, na ninakata kipande kimoja zaidi juu ya hapo pasafi. Najua mwenye mmea anaumia, tumeshatoa karibu theluthi. Lakini nukta moja ukiiacha, baada ya mwezi utakuwa unakata tena, na safari hiyo utakuwa umebakiwa na kipande kidogo.

Mkiona duara lina rangi mpaka karibu na ncha, hamtapata kipande cha kuotesha. Bado kuna njia: ile ncha safi, hata ikiwa fupi, inaweza kubebeshwa juu ya shina la pitaya, Hylocereus, linalolimwa siku hizi Kenya na hapa Tanzania. Unakata vyote viwili, unagusanisha maduara ya mishipa, hata kama ni upande mmoja tu, unabana kwa mipira ya kufungia noti kwa wiki moja hivi. Hilo lina mafunzo yake, tutalipangia siku.

Turudi kwenye shina letu. Sasa nachonga ukingo, kila ubavu, kwa mshazari, kama mnavyoona, ili katikati pabaki pamechomoza. Sababu yake ni hii: nyama ya ndani ikikauka inasinyaa, ngozi ya nje haisinyai sana. Usipochonga, sehemu ya chini inabonyea ndani, na mizizi, ambayo hutoka kwenye lile duara la mishipa, inajikuta imening'inia hewani ndani ya pango. Tukichonga, duara ndilo linalotangulia kugusa udongo.

Halafu napaka salfa. Wenzetu wenye mikorosho Mtwara na Lindi wanaijua vizuri, ni ile salfa ya unga wanayopulizia dhidi ya ubwiri unga. Vumbi jembamba tu juu ya jeraha, na usilivute puani. Kama huna salfa, usiache kukata kwa ajili hiyo. Kinachoponya jeraha hili ni ukavu. Salfa inasaidia tu.

Na ukavu ndio unaotushinda. Sisi tumelelewa na muhogo na viazi vitamu: pingili unaikata asubuhi, jioni imeshachomekwa, na mvua ikinyesha unashukuru. Kakati ukiifanyia hivyo umeizika. Jeraha bichi kwenye udongo wenye unyevu ni mlango wazi kwa wale wale tuliowakata sasa hivi. Lazima jeraha lifunge kigaga kikavu, kigumu, kinacholia ukikigonga kwa ukucha. Shina la unene wa kidole hufunga kwa wiki moja hivi. La unene wa kifundo cha mkono, wiki mbili mpaka nne. La unene wa paja linaweza kutaka miezi miwili. Dodoma utasubiri kidogo, Tanga wakati wa masika utasubiri zaidi. Liweke kivulini, penye upepo, mahali mvua haifiki hata kwa manyunyu, na liwe limesimama wima. Juu ya ndoo tupu yenye kokoto kavu panafaa. Ukililaza muda mrefu linaanza kujipinda kufuata mwanga, na mizizi inaweza kutokea ubavuni.

Wenye mimea huniuliza: haitakufa kwa kiu? Haitakufa, na ningependa muelewe kwa nini, maana kuelewa ndiko kutakakozuia mkono usiende kwenye ndoo ya maji. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya hewa mchana, na maji hutoroka humo humo. Kakati hufungua usiku, kukiwa na ubaridi. Inavuta hewa ya kaboni, inaihifadhi kama asidi, kisha mchana inafunga milango na kuitumia hiyo iliyowekwa. Ikikosa maji kabisa inaweza kufunga hata usiku, ikatumia tena na tena ile hewa inayoitoa yenyewe ndani ya mwili wake. Shina nene lililokatwa linaweza kukaa hivyo miezi mingi likiwa hai. Litakunjamana na kupoteza mng'ao. Huko kukunjamana kunaashiria kwamba linaishi kwa akiba yake, na ni katika hali hiyo ndipo linapoanza kusukuma mizizi.

Kuna kisa cha Marekani ambacho kinanigusa kila nikikikumbuka. Kwenye kisiwa cha Key Largo, Florida, mwaka 1992 watafiti walikuta kundi la kakati ndefu ya mti, Pilosocereus millspaughii, pekee lililojulikana katika nchi hiyo. Lilifikia mashina kama 150. Kisha bahari ikaanza kupanda. Mwaka 2017 kimbunga Irma kilisukuma maji ya chumvi kisiwani, na mafuriko ya maji makuu, bahari inapojaa kupita kawaida, yakafuatia, yakitia chumvi kwenye udongo, huku wanyama nao wakitafuna mashina. Kufikia 2021 vilibaki vipande 6 vinyonge. Watafiti wa Fairchild Tropical Botanic Garden pamoja na wenzao wa serikali walikata kila kilichokuwa bado kibichi na kukipeleka kitaluni, kwa kuwa kukiacha pale kungekuwa kukipoteza. Taarifa yao ilitoka 2024. Porini Marekani haipo tena, ingawa bado iko Cuba na Bahama, lakini vipande vya Key Largo viko hai kwenye vyungu. Kazi waliyoifanya ni hii hii ya mezani hapa.

Kupanda hakuna maneno mengi. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi, chenye tundu linalopitisha kidole. Mchanga mnene wa mto uliooshwa, kamwe usiwe wa baharini, kwa sababu ya chumvi, uchanganywe na kokoto nyepesi za volkeno kwa walio Arusha na Moshi, au vigae na matofali yaliyopondwa kwa sisi wa pwani. Samadi isikaribie. Ule udongo mweusi wenye samadi nyingi unaouziwa na mmea barabarani ndio mara nyingi ulioleta ugonjwa, kwa sababu hukaa na maji siku nyingi. Shina liwekwe juu, lizame vidole viwili tu, lishikizwe kwa vijiti na kamba. Kulizamisha sana ili lisianguke ni kulitafutia uozo mwingine.

Halafu hakuna maji. Baada ya wiki kadhaa ukilitikisa kidogo litakataa kutikisika, au ukiliinua utaona ncha nyeupe au za waridi zikitoka kwenye kigaga. Siku hiyo ndipo unamwagilia mara ya kwanza, unaacha pakauke kabisa, unarudia. Juani unalisogeza polepole, kwa sababu ngozi iliyozoea kivuli inaungua kwa mchana mmoja.

La mwisho ni hivi vipande tulivyovitoa. Vilivyooza, pamoja na udongo wake, vitiwe kwenye mfuko na kuchomwa au kufukiwa mbali na bustani. Vipande vizima navyo msivitupe kichakani, hasa vya mpungate, kakati ile ya vipande bapa. Uwezo ule ule unaotusaidia leo, wa kipande kuota mizizi peke yake, ndio uliowafika wafugaji wa Laikipia nchini Kenya. Mpungate ulioletwa na watu umesambaa kwenye malisho yao, kila kipande kinachoanguka kinakuwa mmea, na miiba yake inajeruhi midomo na matumbo ya mifugo. Imebidi waletewe wadudu wa kochineli kuupunguza. Mfuko mweusi pale mlangoni ni wa vilivyooza. Ndoo nyekundu ni ya vipande vizima, na anayetaka kwenda kuotesha achukue. Sasa waliokuja na mimea yao waisogeze mezani, tuanze na zile zenye harufu, maana hizo hazingoji kesho.