Galopu na mguu unaotangulia

Naona wengine mnatabasamu, mmeshajua ninakoelekea. Ndiyo, ni mguu ule ule. Nitausema tena, maana bado tunasoma kwamba dansi ya galopu ilipewa jina la mwendo wa farasi kwa sababu ya kasi. Kasi gani? Dansi ya polka nayo ina kasi, mbona haikuitwa kwa mwendo wa farasi?

Mtazameni farasi anayekwenda shoti. Shoti ya farasi, si ya umeme. Tuanze na ile ya taratibu, na tuseme anaongoza kwa kushoto. Kwanza unatua mguu wa nyuma wa kulia, peke yake. Halafu inatua miwili kwa pamoja, wa nyuma wa kushoto na wa mbele wa kulia. Mwisho unatua wa mbele wa kushoto, kisha farasi mzima yuko hewani kidogo. Vishindo vitatu, kimya, vishindo vitatu. Akikazana, ile miguu miwili inaachana na unasikia vishindo vinne. Lakini hatua baada ya hatua, wa kushoto ndio unaofika mbele zaidi. Kwenye troti, mwendo ulio kati ya kutembea na shoti, hakuna hilo, kulia na kushoto hupokezana sawasawa. Na mpanda farasi akikata kona ya kulia huku mnyama anaongoza kwa kushoto, ni rahisi mnyama kupoteza mizani.

Sasa ingieni ukumbini, Paris au Vienna, miaka ya 1820. Muziki ni wa mapigo mawili. Jozi zimeshikana kama kwenye walsi. Mwanamume anatelezesha mguu wa kushoto pembeni, wa kulia unaufuata na kuufukuza pale ulipotua. Wafaransa huiita hatua hiyo “shase”, yaani iliyofukuzwa. Mwanamke anafanya vivyo hivyo kwa mguu wa kulia. Teleza-funga, teleza-funga, teleza-funga, teleza. Hapo mwisho hufungi, yaani huuleti mguu wa pili karibu! Uzito unabaki juu ya mguu uliotelezeshwa, jozi inageuka nusu duara, na mguu wa pili unashika uongozi. Anayefunga kwa mazoea hapo hana mguu mwepesi wa kuanzia, basi anaishia juu ya viatu vya mwenzake. Na mguu wa nyuma ukiupita wa mbele, galopu imekufa. Umebaki unatembea haraka haraka.

Mtaniambia polka pia ina shase. Ina, lakini ina kiruko, na mguu unaoongoza hubadilika kila kipimo cha muziki. Galopu inaung'ang'ania mmoja mpaka mgeuko, kama farasi. Kwa maoni yangu jina limetoka hapo. Mwendo wa kasi ni ziada tu.

Dakika zinakwisha na neno lenyewe bado. Wanaisimu wengi wanalirudisha kwa Wafranki, watu wa kale wa jamii ya Kijerumani: “wala”, vizuri, na “hlaupan”, kukimbia au kuruka. Kifaransa cha katikati mwa nchi kiligeuza ile w kuwa g, cha kaskazini kikaibakiza. Waingereza wakabeba yote mawili, “gallop” na “wallop”, na hilo la pili siku hizi ni kipigo. Wajerumani, ambao “laufen” yao ni ya ukoo huo huo, wakaazima “Galopp” kutoka kwa Waitaliano, waliolipata kwa Wafaransa. Ni kuuziwa ng'ombe wa zizini mwako.

Wafasiri, hili ni lenu. “Galopp” ya Kijerumani na “galop” ya Kifaransa hubeba shoti zote mbili, ya vishindo vitatu na ya vinne. Kiingereza huzitenga, ile ya taratibu kikaiita “canter”. Ukikuta “Galopp” katika maelezo ya mashindano ya madaha ya farasi (“dressage”), usiandike “shoti ya mbio zote”: uwanja wenyewe ni mita 20 kwa 60, farasi wako atatokea upande wa pili na kuwavamia waamuzi.

Mtunzi wa muziki Offenbach na galopu yake ya kuzimu ya 1858, ambayo nyote mnaiita kankani, sijamgusa. Anayetaka aulize.