Likizo ya msimu wa joto: mhadhara kwa askari kabla ya kutoka kambini

Makamanda na askari wote, habari za asubuhi.

Kikosi kinapovuka mto kwenye zoezi, boti ya uokoaji hukaa upande wa chini wa mkondo. Tabibu yupo, kuna mtu aliyekwisha kupima kina, na yupo afisa ambaye kazi yake ni moja tu: kusema "simamisha". Siku ya tatu ya likizo unaingia majini, na hao wote hawapo. Majeshi ya Marekani yamekipa kipindi hiki jina kabisa, siku 101 za hatari za majira ya joto, kuanzia mapumziko ya Memorial Day mwishoni mwa Mei hadi Labor Day mwanzoni mwa Septemba. Kazi yangu leo ni kuwaonyesha nafasi ya yule afisa wa "simamisha" inavyozibwa na wewe mwenyewe.

Tuanze na barabara, na hasa saa ya kuondoka. Askari ameamka saa 11 alfajiri, amekabidhi lindo saa 12 jioni, mkoba uko tayari, anawasha gari. Ikifika saa 4 usiku atakuwa macho kwa saa 17, na uendeshaji wake utakuwa sawa na wa mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Akikaza mpaka alfajiri, saa 24 bila kulala, inakuwa kama asilimia 0.10, ingawa hajaonja hata tone. Ukisinzia sekunde 4 tu kwenye kasi ya kilomita 100 kwa saa, gari limeshakwenda mita 111 bila dereva.

Dalili mnazijua: hukumbuki kibao ulichokipita, tairi linagusa mstari, kichwa kinadondoka. Kufungua dirisha na kupandisha redio hakuondoi usingizi. Toka barabarani, egesha mahali salama, kunywa kahawa kisha lala papo hapo dakika 20. Kafeini huchukua kama nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo unaamka ndiyo kwanza inaanza kukushika. Ukilala saa nzima unaweza kuamka mzito kuliko ulivyolala. Na hilo ni la kukufikisha kwenye kitanda kilicho karibu, si la kukuvusha usiku kucha. Kuanzia saa 8 usiku hadi saa 12 asubuhi mwili unadai usingizi hata kama ulilala mchana.

Makamanda, hapa nanyi mna lawama yenu. Ruhusa inayoanza mara tu baada ya lindo, na inayoisha Jumatatu saa 2 asubuhi, imeshampangia askari safari mbili za usiku. Aondoke akiwa amelala, arudi siku moja kabla.

Gari lililokaa kambini miezi kadhaa lina jambo lake. Pima upepo tairi likiwa baridi, kabla ya safari, na ufuate namba ya kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kiwango cha juu kabisa, si cha kujazia. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, linapata joto, tabaka za ndani zinaachana, linapasuka ukiwa na mzigo na familia ndani. Soma pia tarakimu 4 za mwisho za msimbo wa DOT, ule wa utengenezaji ulioandikwa ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Spea nayo ipimwe.

Sasa maji, ambako askari hodari ndiye ninayemhofia zaidi. Mashindano ya kubana pumzi chini ya maji yaacheni kabisa. Mtu akihema harakaharaka kabla ya kuzama haongezi oksijeni ya maana. Anachofanya ni kupunguza kaboni dioksidi, ambayo ndiyo humlazimisha mtu kutafuta hewa. Kengele imezimwa, anazimia bila kuhisi chochote, na walio juu wanadhani bado anashindana.

Baharini, mkondo unaokuvuta kwenda kilindini unaweza kumshinda hata muogeleaji wa Olimpiki. Ukipambana nao kuelekea ufukweni unachoka na kuzama. Elea, inua mkono kuomba msaada. Ukiwa na nguvu, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo urudi. Jaketi la kuokolea nalo lina daraja, linalopimwa kwa nyutoni, yaani nguvu yake ya kukueleza: la nyutoni 50 ni la mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. La 150 limeundwa kumgeuza aliyezimia uso uelekee juu, ingawa mavazi mazito yanaweza kulizuia.

Pikipiki ya majini ina kisa chake. Inageuka kwa nguvu ya maji yanayosukumwa nyuma. Mwanafunzi akiona kizuizi huachia mafuta na kukata usukani, na kwenye nyingi za zamani hapo chombo hakigeuki tena, kinakwenda moja kwa moja. Fundisheni hilo kabla ya kukodi.

Anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Anasimama wima, mdomo unazama na kuibuka, mikono inasukuma maji chini. Mtupie kitu kinachoelea kabla ya kujitosa wewe. Akitolewa bila kupumua, anza na pumzi kama ulivyofundishwa, kisha mikandamizo 30 kwa pumzi 2, kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika.

Pombe ini huisafisha polepole, takriban asilimia 0.015 kwa saa, na kahawa haiharakishi. Aliyefika 0.12 saa 6 usiku bado ana kitu kwenye damu saa 12 asubuhi. Wanaotumia doksisaiklini kukinga malaria wajue dawa hiyo huifanya ngozi iungue haraka juani. Waliopiga mbizi wasubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege baada ya mbizi moja ya kawaida, saa 18 kama walizama mara kadhaa. Jiko la mkaa lisiingizwe hemani hata likionekana limezimika. Kaboni monoksidi haina harufu.

La mwisho ni la masajini wa platuni, na huwa linasahaulika kwa kuwa likizo imeshaisha. Mwili huanza kupoteza uzoefu wa joto ndani ya wiki moja ya kupumzika penye ubaridi, na huhitaji siku 7 hadi 14 kuurudisha. Kwa hiyo mbio za kwanza baada ya likizo zisiwe zile za kilomita 10 na mzigo. Maji yasizidi takriban lita 1.5 kwa saa, kwani kuyanywa kupita kiasi hushusha chumvi ya damu na kumwangusha mtu vilevile. Askari akianza kuongea ovyo au kuyumba katika joto, msimsubiri apone kivulini. Mvueni gwanda, mzamisheni kwenye maji baridi, au mfunikeni shuka zilizoloweshwa maji ya barafu mkizibadilisha kila zinapopata joto. Anapozwa kwanza, gari la wagonjwa linafuata.