Jinsi ya kuhifadhi bendera ya vita ya askari wa farasi

Mtazamaji, bendera iliyo mezani ni ya aina iliyobebwa na kampuni za askari wa farasi wa Marekani kuanzia 1862 hadi 1885: hariri tupu, sentimita 104 kwa 69, nyuma imekatwa kama mkia wa mbayuwayu, nyota zimepakwa rangi ya dhahabu. Imekaa imekunjwa miaka mingi. Usiikunjue bado! Hariri kuukuu ikiwa kavu hukatika palepale kwenye mkunjo, na pembeni mwa nyota ndiko huanza, kwa sababu rangi imekauka ikawa ngumu kuliko kitambaa.

Vaa glovu za nitrili, aina ya mpira wa kutengenezwa. Zamani vitu vya makumbusho vilipigwa dawa za wadudu zenye sumu ya aseniki, kwa hiyo unajikinga nawe pia. Piga picha pande zote, rula ikiwa kando.

Vumbi sasa. Tandaza wavu laini wa nailoni juu ya kitambaa, kisha pitisha mashine ya kunyonya vumbi yenye chujio la HEPA, linalonasa hata vumbi laini sana, nguvu ya chini kabisa, mdomo wa bomba usiguse. Madoa ya damu na matundu ya risasi yaache yalivyo. Anayeyasafisha anafuta ushahidi.

Kabla ya unyevu, jaribu rangi: pamba ndogo yenye tone la maji yaliyochujwa kwa mvuke, igusishe pembeni mwa kila rangi. Nyekundu ikitia doa kwenye pamba, simama hapo na umwite mtaalamu wa nguo za kale. Kuifua, hata kama rangi haichuji, hairuhusiwi kabisa.

Isipochuja, weka karatasi nzito ya kufyonza iliyoloweshwa kidogo, juu yake kitambaa cha Gore-Tex kinachopitisha mvuke bila maji, kisha bendera, kisha funika kwa plastiki. Angalia kila baada ya dakika chache. Mkunjo ukilegea, ufungue kwa vidole viwili, uutandaze, weka vipande vya kioo kuushikilia, uhamie mkunjo mwingine. Usiiache na unyevu usiku kucha, ukungu hauchelewi.

Ukikuta imeshonewa wavu mbele na nyuma, ni ukarabati wa zamani. Usiufumue, mara nyingi ndio unaobeba vipande.

Usitumie gundi wala selotepu. Gundi hugeuka manjano, hukakamaa, na kuitoa huondoka na hariri.

Ilaze bapa kwenye trei yenye karatasi isiyo na asidi, kamwe usiizungushe kwenye bomba, maana nyota zitapasuka. Unyevu wa hewa asilimia 45 hadi 55, joto nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi. Ikionyeshwa, mwanga usizidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), tena kwa miezi michache tu. Lebo iandike kwa penseli na kuifunga kwenye trei, si kwa pini kwenye kitambaa.