Maji ya Kisima Ndiyo Yaliyoila Rejeta ya Baba

ZUHURA: Assalamu alaikum wasikilizaji, hamjambo nyote. Tuko Malindi, uani kwa Ami, chini ya mwembe, na mkisikia kuku huko nyuma mtuwie radhi. Shikamoo, Ami.

AMI ATHMAN: Marahaba, mwanangu. Wasikilizaji, karibuni.

ZUHURA: Leo nimekuja na langu mwenyewe. Ami ameitengeneza ile Toyota DX aliyoniachia marehemu baba, ya mwaka 1986, na kwa wiki mbili tumekuwa tukizungumza rejeta, ile inayopoza maji ya injini, asubuhi na jioni. Nikaona haya mambo tusiyaache yaishie hapa uani.

AMI ATHMAN: Waeleze kwanza ilivyokuzimikia.

ZUHURA: Ilikuwa Januari, kaskazi imeshika, jua kali. Nilikuwa natoka Marafa na maembe ngowe, nyuma kumejaa hadi dirishani. Barabara ile ina mahali ambapo huwezi kwenda kasi, unatambaa tu na gia ya pili. Hapo ndipo nilipoona mshale wa joto unapanda. Nikajiambia utashuka. Haukushuka. Nikasimama kando, nikazima gari, nikafungua boneti, na moshi wa maji ukanipokea usoni. Akaja kijana wa bodaboda, mwenye moyo mzuri kabisa, kashika kitambaa, ataka kufungua kofia ya rejeta anisaidie. Nikamshika mkono.

AMI ATHMAN: Mungu akuzidishie. Hapo lazima niseme neno, kwa maana nimeona mikono na vifua vya watu vilivyobabuka. Ile kofia si kifuniko cha sufuria. Ina springi, imewekwa kubana. Kofia iliyoandikwa 0.9 huyafanya maji yachemke karibu nyuzi 119 badala ya 100. Sasa wewe waifungua, mbano waondoka ghafla, na maji yaliyokuwa yametulia yageuka mvuke papo hapo. Yaruka yote. Ngoja nusu saa, ngoja saa. Shika mpira wa maji wa juu kwa kiganja. Ukiweza kuushika bila kuuachia, ndipo ufungue.

ZUHURA: Nilingoja mpaka adhuhuri ikapita. Nikaongeza maji ya kisima kutoka nyumba ya jirani pale, nikarudi polepole usiku, upepo umepoa.

AMI ATHMAN: Na hapo ndipo penye kisa chote. Maji ya kisima. Nilipoing'oa ile rejeta nikaibandua tangi la juu kwa moto wa gesi, nilikuita uje uone mwenyewe.

ZUHURA: Ilikuwa kama ndani ya birika la chai la nyumba isiyosugua. Ukoko mweupe, mgumu, umeganda kwenye midomo ya mirija.

AMI ATHMAN: Kila mirija mitatu, mmoja umeziba kabisa. Sisi Malindi tumekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji ya visima vyetu yamepita humo, yamebeba chokaa, na ukisogea upande wa bahari yabeba na chumvi. Mwanamke yeyote hapa ayajua: wafua nguo, sabuni haitoi povu. Basi maji yaliyoishinda sabuni, wayatia katika mirija myembamba kama unyasi, wayachemsha kila siku, miaka na miaka. Chokaa itakwenda wapi?

ZUHURA: Nami nilikuuliza, kwa nini usiizibue tu? Fundi wa zamani alikuwa akipitisha waya, kisha anarudishia lehemu.

AMI ATHMAN: Ningeizibua, na ningefurahi. Rejeta ya shaba ndiyo fundi huiheshimu, kwa sababu yatengenezeka. Mirija ni shaba njano, mapezi, yale mabati membamba kati ya mirija, ni shaba nyekundu, vyote vimeshikwa kwa lehemu. Ikitoboka, waitia moto, waitia lehemu, yarudi kazini. Lakini yako ilikuwa imeliwa pande mbili. Ndani chokaa, nje upepo wa bahari. Nilipopitisha kidole juu ya mapezi yakamwagika kama majani makavu, yameacha unga wa kijani mkononi. Mrija usio na mapezi hautoi joto. Waweza kuziba matundu yote na gari bado ikachemka.

ZUHURA: Ndipo tukaenda kwenye alumini. Na mimi nilikuwa na shaka, maana nilisoma shuleni kwamba shaba hupitisha joto vizuri kuliko alumini.

AMI ATHMAN: Ulisoma sawa. Kama 400 kwa 237 hivi. Lakini rejeta haipimwi kwa madini peke yake. Katika ile ya shaba, joto litoke kwenye mrija, lipite kwenye lehemu, ndipo lifike kwenye pezi, na lehemu ina risasi, haipitishi joto vyema. Ya alumini, mrija na pezi vimeunganishwa moja kwa moja. Tena alumini ni nyepesi, shaba ni nzito zaidi ya mara tatu, kwa hiyo mrija waweza kufanywa mpana, ukagusa pezi sehemu kubwa. Na hii tuliyonunua matangi yake pia ni alumini ya kuchomelea, si plastiki iliyobanwa kwa raba. Yale ya plastiki nimeyaona yakipasuka ukingoni yakizeeka.

ZUHURA: Ilipofika kutoka Mombasa kwenye boksi, iking'aa, nilidhani kazi ni boliti nne.

AMI ATHMAN: Ilikuwa nene kuliko ile ya zamani. Hilo ndilo la kwanza mtu apime kabla ya kulipa, unene. Upana na urefu wengi hupima, unene wanausahau. Feni ya DX haizungushwi na umeme, iko mbele ya injini yazungushwa na mkanda, haisogei popote. Rejeta ikinenepa, yaisogelea feni.

ZUHURA: Waeleze ule unga.

AMI ATHMAN: Ulikuwa wakanda chapati siku ile. Nikakuomba donge.

ZUHURA: Akachukua madonge manne madogo, akayabandika kwenye rejeta mpya pale panapoelekea ncha za feni. Tukaifunga rejeta, akazungusha feni kwa mkono, taratibu, mzunguko mzima. Kisha tukaifungua tena. Madonge matatu yako salama, la nne, la chini kulia, limekatwa ukingo, safi, kama kwa kisu.

AMI ATHMAN: Na hapo injini imelala! Ukikanyaga mafuta, injini yayumba juu ya raba zake. Mimi sitaki chini ya sentimita mbili kati ya feni na rejeta, na pakipatikana mbili na nusu nalala vizuri. Nikatazama raba za injini, ya upande mmoja imekufa, injini imeinama. Tukabadilisha ile raba, tukasogeza mabano ya rejeta mbele kidogo, tukaweka madonge mapya. Yote manne yakatoka mazima.

ZUHURA: Chapati zililiwa saa nne usiku.

AMI ATHMAN: Na zilikuwa tamu. Tena usiikaze alumini chuma kwa chuma. Barabara ya Marafa ile, mtikisiko wake utaipasua kwenye maungio. Nilikata vipande vya mpira, kila boliti ikakaa juu ya mpira wake. Mipira ya maji na klipu tukatia mpya zote, hilo halina mjadala.

ZUHURA: Thamostati je? Kuna fundi mmoja alinishauri niitoe nitupe, ati hapa pwani ni joto haina kazi.

AMI ATHMAN: Ushauri huo nausikia kila siku na unaniuma. Thamostati ni mlango. Injini ikiwa baridi unafungwa, ipate joto lake haraka. Ikifika kiwango unafunguka. Ukiitoa, injini yakaa baridi muda mrefu, yala mafuta, yachakaa. Gari ikichemka, tafuta kinachoichemsha. Na kuipima si kazi. Yako imeandikwa 82. Nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji na kipimajoto, jikoni kwa shangazi yako. Kwenye 80 bado imefunga, 83 ikaanza kupumua, maji yalipokaribia kuchemka mdomo umefunguka wote. Nzima. Nikairudisha na gasketi mpya.

ZUHURA: Sasa tufike kwenye maji, Ami, maana hilo ndilo ulinigombeza.

AMI ATHMAN: Sikukugombeza, nilikuomba. Shaba ilivumilia maji ya kisima miaka mingi. Alumini haitavumilia. Alumini hujilinda kwa utando mwembamba sana juu yake, na chumvi huutoboa ule utando. Ikitoboa, yachimba kishimo kimoja, kidogo, hadi upande wa pili. Rejeta ya bei yote ile yaweza kuanza kuvuja kabla hujaizoea. Ndiyo maana kabla ya kuifunga niliosha injini kwa maji safi mara tano, hadi yakatoka bila rangi ya kutu. Ule uchafu wa zamani ungehamia nyumba mpya.

ZUHURA: Na watu husema kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, ni ya nchi za barafu.

AMI ATHMAN: Hapa hatuna barafu, kweli. Lakini ndani ya kulanti mna dawa za kuzuia kutu, na hizo ndizo tunazozitaka. Nusu kulanti, nusu maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongeza kwenye betri. Lakini soma kibandiko kwa makini, maana asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa, na hiyo ni balaa. Na usifuate rangi. Nyekundu ya kampuni hii si lazima iwe sawa na nyekundu ya ile. Aina mbili zisizopatana zikichanganywa zaweza kuganda kama uji, na mirija imeziba tena. Chagua moja, ikae hiyo hiyo.

ZUHURA: Kuna na ile mita ya umeme uliyotumbukiza waya wake kwenye maji.

AMI ATHMAN: Eeh, umeme. Waya wa nega wa mita kwenye nega ya betri, ule mwingine ndani ya maji ya rejeta bila kugusa chuma, gari inanguruma, taa zimewashwa. Nataka chini ya volti 0.1. Yako ilisoma 0.3. Waya wa umeme unaounganisha bodi na injini ulikuwa umeoza, umeme ukawa watafuta njia kupitia majini, na ukipita majini huila alumini. Waya mpya, mita ikashuka hadi 0.04. Fundi wengi hawapimi, na rejeta mpya ikitoboka walaumu muuzaji.

ZUHURA: Tukaipandisha pua kwenye kile kimlima cha nyumba ya jirani, kofia wazi, mapovu yakatoka robo saa nzima, Ami akiongeza kidogo kidogo. Na yale maji machafu yenye kulanti ya zamani nilitaka kuyamwaga mchangani.

AMI ATHMAN: Hapana kabisa. Ni sumu, na ladha yake ni tamu. Paka atalamba, mbuzi atakunywa, mtoto pia. Nimeyaweka kwenye dumu lenye kifuniko, juu ya kabati.

ZUHURA: Juzi nilikwenda Marafa tena. Jua lile lile, maembe yale yale, gia ya pili mahali pale pale. Mshale ulipanda hadi kati, ukakaa. Nilisimama bila sababu, nikafungua boneti, nikasikiliza tu. Nilimkumbuka baba.

AMI ATHMAN: Angefurahi. Kesho wenda tena?

ZUHURA: Alfajiri, inshallah.

AMI ATHMAN: Chupa mbili za mchanganyiko umeziweka kwenye buti? Zisipokuwepo, ukikwama utaomba maji ya kisima.

ZUHURA: Moja tu iko. Ya pili niliipa dereva wa Probox pale darajani Sabaki.

AMI ATHMAN: Umefanya vyema. Lete chupa nyingine tupu, kulanti iko hapo nyuma yako.